Ushahidi na Sitara: Maadili ya Kufufua Kompyuta Kongwe

Katika ufundi wa kufufua kompyuta kongwe ipo kanuni moja ambayo mwanafunzi hupewa kabla hajashika bisibisi: usiiwashe. Mashine iliyokaa darini kwa miaka thelathini, ikateremshwa na kupanguswa vumbi, humtia mtu hamu ya kubonyeza swichi ili aone kama bado ina uhai. Hamu hiyo imeziua mashine nyingi ambazo vumbi na kutu vilikwisha kuzisamehe. Chukua mfano wa Commodore 64, kompyuta iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1982 na kuingia katika nyumba za mamilioni ya watu. Umeme wake hutoka katika kisanduku kilicho nje, ambacho ndani yake kimejazwa gundi ngumu iliyoganda kama jiwe. Kisanduku hicho kinatakiwa kuzipa chipu volti 5. Kinapozeeka, kidhibiti chake huharibika na aghlabu huachia umeme uliozidi kipimo, na chipu za kumbukumbu, ambazo hazikuumbwa kuustahimili, huungua. Hivyo yule aliyetaka kujua kama mashine ingali hai huwa ndiye aliyeiua, tena kwa mapenzi. Fundi makini hukitenga kwanza kisanduku, akakipima peke yake kwa mita, na akiwa na shaka nacho hutumia kingine kipya.

Haraka haraka haina baraka, tumeambiwa tangu utotoni. Lakini ndani ya kanuni hii mna jambo lililo zaidi ya kuhimizana subira. Anayejizuia kubonyeza swichi amekiri kwamba kitu kilichomo mikononi mwake kina haki fulani inayotangulia hamu yake. Je, haki hiyo ni ya nani? Kompyuta haina roho, haihisi maumivu wala haishukuru. Mtengenezaji wake pengine amekwisha kufilisika, kama ilivyofilisika kampuni ya Commodore mwezi wa Aprili 1994. Mwenyewe wa kwanza pengine hayuko duniani. Basi mtu anayekifufua kifaa kikuukuu anawiwa nini, na anawiwa na nani? Hilo ndilo swali la makala haya. Ingawa limevaa nguo za plastiki na shaba, nadhani msomaji ataona kuwa ni swali la zamani sana.

Tuanze na namna kosa linavyotafutwa. Commodore 64 iliyo nzima ikiwashwa hukusalimu kwa skrini ya buluu na kukuarifu kuwa baiti 38911 ziko tayari kwa matumizi. Iliyoharibika huenda isikuoneshe chochote ila kiza. Dalili ni moja, watuhumiwa ni wengi: kisanduku cha umeme, mojawapo ya chipu nane za kumbukumbu, chipu ya PLA, ambayo kazi yake ni kuamua ni sehemu ipi itakayoitikia prosesa inapoita, nayo ni maarufu kwa kufa mapema, chipu zilizohifadhi programu za kudumu, prosesa yenyewe, au chipu ya picha. Fundi mwenye pupa humkamata mtuhumiwa wa kwanza anayemfikia, akamng'oa. Na kung'oa chipu iliyoshikwa kwa lehemu si jambo jepesi, kwani joto likizidi, njia nyembamba za shaba hubanduka kutoka kwenye ubao. Chipu isiyo na hatia inatupwa, ubao unabaki na jeraha, na kosa lingali palepale. Fundi mwadilifu huanza kwa kupima volti, hugusa chipu kwa ncha ya kidole kuona ipi inayounguza kupita wenziwe, hufuata mchoro wa saketi njia kwa njia, wala hahukumu mpaka ushahidi umetimia. Anayedhani kuwa hiyo ni elimu ya umeme tu, na aitazame mahakama yoyote, au baraza lolote la wazee, aseme kama hakuona pupa ileile na subira ileile.

Jambo jingine la kuangaliwa ni kwamba mchoro wa kufuata upo. Mwongozo wa Apple II uliotolewa mwaka 1978 ulikuwa na mchoro wa saketi ya mashine yote, na kitabu cha marejeo ambacho Commodore waliwachapishia waandishi wa programu mwaka 1982 kilikuwa nao pia. Mtengenezaji alimwamini mnunuzi. Alimuuzia kitu pamoja na ujuzi wa kukitengeneza, kana kwamba amemwambia: hiki sasa ni chako, mimi sitakuwapo siku zote. Vifaa vingi vya leo vimefungwa kwa gundi na michoro yake ni siri. Fundi anayefufua mashine ya mwaka 1982 anatumia ukarimu wa watu ambao wengi wao hatawajua kamwe. Huyo ni mdai wake wa kwanza.

Sasa na tuseme kosa limepatikana na fundi ameshika lehemu. Hapa hutokea swali ambalo watu wa pwani wamelijibu kwa vitendo kwa karne nyingi. Jahazi hupandishwa ufukoni, mbao zilizooza hutolewa, taruma hubadilishwa, likakalafatiwa kwa pamba na kupakwa sifa, kisha likarudi majini na jina lake lilelile. Baada ya miaka mingi huenda usibaki ubao hata mmoja wa asili, na hakuna nahodha anayelala macho akijiuliza kama jahazi lake ni lile lile. Wagiriki walijiuliza. Plutarch aliandika juu ya merikebu ya Theseus, ambayo watu wa Athens waliihifadhi kwa kubadilisha mbao zake, wanafalsafa wakaigawanyikia: hawa wakisema ni ileile, wale wakisema siyo. Katika karne ya 17, Thomas Hobbes wa Uingereza aliongeza utata: je, iwapo mtu aliziokota mbao zote zilizotupwa akaziunga upya kwa mpangilio wake wa awali, kati ya merikebu mbili ipi ndiyo ya kweli?

Mimi naona nahodha wetu ana haki ya kutojali, na sababu ya haki hiyo inatufaa. Jahazi ni la kusafiri. Maadamu linabeba mzigo na watu, linajithibitisha kwa kazi yake. Lakini kompyuta ya mwaka 1982 haina tena mzigo wa kubeba. Simu iliyo mfukoni mwa kijana yeyote inaipita kwa nguvu kwa kiasi kisichoneneka. Hatuihitaji kwa hesabu zake. Kama bado ina kazi, basi ni moja tu, nayo ni kushuhudia: kutueleza watu wa zama fulani walikuwa na nini, walikosa nini, na kwa ufinyu ule walifanya nini. Jahazi huulizwa kama linaelea, shahidi huulizwa kama anasema kweli. Kwa hiyo kipimo cha ufufuaji mwema hakiwi idadi ya vipande vya asili vilivyobaki, wala si mng'aro wa sura. Kipimo ni kama mashine, baada ya kutoka mikononi mwa fundi, bado inaweza kusema kweli juu ya nafsi yake.

Kipimo hiki kinatatua mambo kadhaa ambayo mafundi hubishania. Betri zilizogandishwa juu ya ubao wa baadhi ya kompyuta za Amiga huvuja alkali inayokula shaba taratibu, mpaka njia zikakatika. Fundi huing'oa betri, huosha mahali pake kwa siki kuiua alkali, kisha huunganisha upya njia zilizoliwa. Kapasita ndogo za kompyuta nyingi za miaka ya mwisho ya 1980 na ya mwanzo ya 1990 nazo hutoa majimaji yanayounguza ubao. Kuziacha kwa hoja kwamba ni za asili ni kumwacha shahidi anyweshwe sumu kwa kuiheshimu sumu. Kuziondoa ni wajibu. Lakini wajibu huo una mwenzake: fundi aandike nini alitoa, lini, na akaweka nini badala yake, na vilivyotolewa, isipokuwa vile vyenye madhara, vitiwe katika mfuko na kukaa pamoja na mashine. Tengenezo lisilotajwa ni uongo mdogo, na uongo mdogo ndani ya kitu ambacho kazi yake yote ni kushuhudia si mdogo tena.

Suala la rangi ni gumu zaidi. Plastiki za zamani hugeuka manjano, na lawama kubwa hupewa bromini iliyochanganywa ndani yake ili isishike moto. Mwaka 2008 ilianza kuenea mbinu ya kuzipaka haidrojeni peroksaidi na kuzianika kwenye mwanga mkali mpaka weupe urudi. Matokeo hupendeza, ingawa wengi walioifanya wamesimulia kuwa umanjano hurejea baada ya muda. Je, tuizuie? Manjano ile ni athari ya miaka. Aliyeipenda mashine yake akaiweka karibu na dirisha aliiandika bila kujua. Sisemi kuisafisha ni haramu, kwani hata mtu mzima huruhusiwa kupaka hina. Nasema tu kwamba anayesafisha ajue anafuta sentensi moja, na ajiulize kama sentensi hiyo ilikuwa yake kuifuta.

Ipo na mitihani ambayo hakuna jibu lisilo na hasara. Chipu ya sauti ya Commodore 64, iliyobuniwa na Bob Yannes, haitengenezwi tena, na vichujio vyake vilitofautiana kiasi kwamba mashine mbili zilizotoka kiwandani pamoja huweza kuuimba wimbo mmoja kwa sauti zisizolingana. Ikifa, fundi atafanya nini? Ataweka kibadala kilichoundwa miaka ya karibuni, mashine iimbe kwa koo la kuazima? Au ataivunja kompyuta nyingine atoe chipu iliyo hai, amwue mmoja kumponya mwingine? Kipimo chetu kinaelekea upande wa kibadala kinachojulishwa kuwa ni kibadala. Bora shahidi mmoja aseme "hapa nimeazima" kuliko mashahidi wawili wapungue kuwa mmoja.

Kuna watakaosema: yote haya ya nini? Ziwekwe nyuma ya kioo, zisiwashwe, zitakuwa salama. Lakini kompyuta isiyowashwa ni kasha. Wengine watasema programu za kisasa huiga mashine hizo karibu kikamilifu, na programu haiozi. Ni kweli, na mwigo huo umeokoa kazi nyingi zisipotee. Hata hivyo mwigo huhifadhi kile ambacho mwigaji alikitambua kuwa muhimu. Mashine yenyewe hubeba na yale ambayo hakuna aliyeyatambua bado, nayo ndiyo thamani ya shahidi wa asili kumzidi msimulizi. Thamani hiyo soko nalo limeiona. Kompyuta ya Apple-1, ambayo ziliundwa takriban 200 tu kuanzia mwaka 1976 na kuuzwa kwa dola 666.66, moja yake ilinunuliwa mnadani New York mwaka 2014 na makumbusho ya The Henry Ford kwa dola 905,000. Na kwa kuwa mbao za saketi za kuiga mashine hiyo hutengenezwa hadi leo, mtu anayeunda nakala na kusema ni nakala, na mtu anayeunda nakala na kunyamaza, wametumia mikono ileile na lehemu ileile. Kinachowatenganisha ni ulimi.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba ukweli ndio haki pekee. Lakini ndani ya kompyuta kongwe, au katika sanduku la disketi lililokuja pamoja nayo, mna kitu kinachogeuza hesabu yote. Mna maneno ya mtu.

Mwaka 1985, Commodore walipoizindua Amiga jijini New York, walimwalika msanii Andy Warhol aichoree hadharani. Warhol aliendelea kuchora kwa mashine hiyo, akafariki mwaka 1987, na disketi zake zikalala katika hifadhi ya makumbusho yenye jina lake mjini Pittsburgh. Mwaka 2014 ilitangazwa kuwa wanachama wa klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kwa kuchochewa na msanii Cory Arcangel, wamefaulu kuzisoma na kutoa picha ambazo umma haujapata kuziona. Ulimwengu ulifurahi, na sababu ya kufurahi ilikuwapo: zilikuwa kazi za msanii mashuhuri, zilizotunzwa na taasisi iliyokabidhiwa urithi wake, na waliozisoma walijulikana na walieleza njia yao.

Sasa mwondoe Warhol, uweke mtu asiye na jina. Fundi amenunua kompyuta kutoka lundo la vitu vilivyotupwa. Ndani ya diski mna barua kwa mke aliyeondoka, hesabu za deni, shajara ya mgonjwa. Zaidi ya hayo, katika diski za zama zile kufuta faili hakukuwa kufuta. Mfumo uliondoa jina tu katika orodha, yaliyomo yakabaki mpaka yaandikiwe juu. Kwa hiyo fundi mwenye ujuzi anaweza kuyasoma hata yale ambayo mwenyewe alikwisha kuamua yasisomwe na mtu. Je, ana ruhusa? Kwa kipimo cha ushahidi peke yake tungesema ndiyo. Shahidi aseme yote.

Mimi nasema hapana. Lugha yetu ina neno sitara, nalo ni zaidi ya faragha. Faragha ni chumba ninachojifungia mwenyewe. Sitara ni nguo ambayo mwingine huweza kunifunika nayo wakati mimi siwezi kujifunika. Maiti hasitiriki kwa juhudi zake, husitiriwa na walio hai. Aliyefuta barua yake mwaka 1990 alitamka wasia, na kutojua kwake kwamba mashine haikuutekeleza wasia hakuutengui. Ushahidi wa mashine juu ya nafsi yake ni wa watu wote: ilivyoundwa, ilivyoharibika, ilivyotengenezwa. Ushahidi wa mtu juu ya nafsi yake ni wake, kisha ni wa warithi wake. Hizi ni amana mbili zilizowekwa katika kasha moja, na uadilifu wa fundi ni kutozichanganya.

Najua pingamizi litakalokuja. Mwanahistoria ataniuliza: je, nyaraka zetu zote za kale si barua ambazo hazikuandikwa kwa ajili yetu? Ni kweli. Lakini barua nyingi zilizotufikia zilipitia mkono uliozitoa, kama mwana, mjukuu, au mtunza hazina aliyekubaliwa. Palikuwa na mtu wa kusema "sawa". Disketi iliyookotwa jalalani haijasemewa na mtu. Wakati huohuo, utando wake uliopakwa unga wa sumaku unachakaa, na huenda ukastahimili kusomwa mara moja tu. Kuiacha ife kwa jina la sitara nako ni khiana kwa warithi ambao wangeitaka. Hivyo lililo jema, kwa maoni yangu, ni hili: isomwe yote ili iokolewe, inakiliwe bila kufunguliwa, na mwenyewe au warithi wake watafutwe. Wakipatikana, wakabidhiwe na wachague wao. Wasipopatikana, nakala ifungwe na isubiri. Kuhifadhi bila kuchungulia kunawezekana, ila kunahitaji aina ya nguvu ambayo haipimwi kwa mita.

Jambo hili si la Marekani peke yake. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini ila kwa kibali maalumu, na miaka mingi ikapita kabla ya mlango kufunguka. Ulipofunguka, nyingi zilizotufikia zilikuwa zimekwisha kutumika kwingine, zikaendelea kutumika hapa katika hewa ya chumvi, mikononi mwa mafundi waliozitengeneza bila mwongozo. Mashine ya namna hiyo ina ushahidi wa watu wawili: wa ng'ambo aliyeichoka na wa hapa aliyeihitaji. Na kila mshairi au mwanachuoni wetu aliyepiga chapa kazi zake kwa kompyuta katika miaka ya 1990, kisha akaondoka duniani, pengine ameacha ndani ya mtoto wa meza disketi ambazo warithi hawana mashine ya kuzisomea. Miswada ya khati za Kiarabu tuliijengea nyumba za hifadhi. Hizi disketi tunazitupa, au, likiwa baya zaidi, tunamkabidhi fundi wa kwanza tunayemwona bila kumuuliza ana maadili gani.

Wala tusidhani kuwa wenye uwezo watatutunzia. Paul Allen, mmoja wa waanzilishi wa Microsoft, alianzisha huko Seattle makumbusho ya kompyuta zinazofanya kazi, wageni wakaruhusiwa kuzigusa. Yalifunguliwa kwa umma mwaka 2012, mwenyewe akafariki mwaka 2018, milango ikafungwa mwaka 2020, na mwaka 2024 ikatangazwa kuwa hayatafunguliwa tena na sehemu ya vitu vyake ikapelekwa mnadani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini wahunzi lazima wawepo, na wawe wengi, na wawe watu wa kuaminika.

Huyo wa kuaminika hatambulikani kwa mashine inayong'aa. Fungua kasha alilolifunga yeye, utakuta karatasi ndogo imekunjwa kando ya ubao: kapasita hizi nimebadilisha, tarehe fulani, chipu hii si ya asili, betri imeondolewa. Na chini yake, kama ni muungwana, utakuta mstari mmoja zaidi: diski imenakiliwa, haikufunguliwa.